Gari Lililolala Muda Mrefu: Kuongeza Mafuta Mapya, Kulisha kwa Dumu au Kushusha Tangi?

Gari likilala uani mwaka mzima, kisha siku ya kuliwasha stata ikazunguka vizuri lakini injini isishike, mwenye gari hapa Mwanza atapewa ushauri wa aina tatu kabla jua halijatua. Wa kwanza atamwambia anunue lita 10 za mafuta mapya, azimimine juu ya yale ya zamani na aendelee kupiga stata. Wa pili atamshauri aliache tangi kama lilivyo, alete dumu lenye mafuta safi na kuilisha injini moja kwa moja kwa mpira. Wa tatu atashikilia kwamba tangi lishushwe, lioshwe, na mfumo mzima wa mafuta usafishwe hadi kwenye nozeli zinazonyunyiza mafuta ndani ya injini. Njia zote tatu zinafanya kazi, lakini kila moja inafaa hali yake, na mtu akikosea kuchagua anaweza kulipia matengenezo makubwa kuliko tatizo alilokuwa nalo asubuhi.

Katika ulinganisho huu ninasimamia jambo moja. Uamuzi usifanywe kwa kuhesabu miezi, wala kwa kutazama mfuko peke yake. Ufanywe kwa kuyatazama mafuta yenyewe, yaliyochukuliwa chini kabisa ya tangi, kabla ufunguo haujazungushwa hata mara moja. Uchafu ukiwa bado tangini ni kazi ya sabuni na maji. Ukifika kwenye chujio ni bei ya chujio. Ukiingia kwenye pampu ni bei ya pampu. Na ukifika kwenye nozeli za dizeli, hesabu inakuwa nyingine kabisa. Kila mara stata inapopigwa ovyo, uchafu huo husogezwa hatua moja mbele.

Mafuta yanavyoharibika yakiwa yametulia

Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, na vile vyepesi ndivyo vinavyogeuka mvuke haraka na kuiwezesha injini baridi kushika. Gari likikaa, hivyo vyepesi huondoka kwanza, na kinachobaki ni petroli nzito ambayo cheche ya plagi haipati mvuke wa kutosha wa kuuwasha. Wakati huohuo hewa iliyo ndani ya tangi huyageuza mafuta polepole kuwa gundi na utando wa rangi ya kahawia unaonata kwenye vijitundu vya kabureta, kwenye ncha za injekta (vinyunyizio vya petroli) na ndani ya pampu. Mabadiliko haya huanza kuonekana kati ya miezi mitatu na sita, kutegemea joto na jinsi tangi lilivyofungwa.

Dizeli ni mvumilivu zaidi, na ikihifadhiwa vizuri hukaa miezi 6 hadi 12 bila shida kubwa. Adui yake ni maji. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini ya tangi, na pale yanapokutana na mafuta huota bakteria na kuvu wanaoyala hayo mafuta. Vijidudu hao huacha tope jeusi na tindikali, na tope hilo huziba chujio hata kama gari lilikuwa zima kabisa lilipoegeshwa.

Mazingira yetu ya ziwani yanaongeza uzito wa jambo hili. Mwanza iko mita zipatazo 1,140 juu ya usawa wa bahari, mchana jua hulipiga tangi na usiku huwa na ubaridi, na katika misimu ya mvua, yaani Oktoba hadi Desemba na tena Machi hadi Mei, hewa huwa na unyevu mwingi. Tangi lililojaa nusu hupumua kupitia tundu lake la hewa: mchana hutoa, usiku huvuta hewa yenye unyevu, na unyevu huo huganda kwenye kuta za ndani na kuchuruzika chini. Ndiyo maana tangi la bati lililoachwa karibu tupu huoza kutu kwa juu, mahali ambapo hakuna mafuta ya kulikinga, na kutu hiyo hudondokea kwenye mafuta yaliyobaki. Matangi ya plastiki hayashiki kutu, lakini maji yakiingia hubaki humo vilevile.

Kwanza hakikisha kosa ni la mafuta

Betri iliyokaa mwaka bila kuchajiwa huwa imekufa au inakaribia kufa. Betri nzima iliyojaa husoma volti zipatazo 12.6. Ikiwa wakati wa kupiga stata inashuka chini ya volti 9.6 au 10, kompyuta ya gari la injekta inaweza kushindwa kutoa cheche na mafuta ingawa stata inazunguka. Panya nao hupenda kulala juu ya injini iliyoegeshwa na kutafuna nyaya, kwa hiyo fungua boneti uangalie kwa tochi kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa injini ya petroli kuna kipimo rahisi. Pulizia kiasi kidogo sana cha dawa ya kusafishia kabureta kwenye njia ya hewa, rudisha mpira wa hewa mahali pake, kisha piga stata. Injini ikishika sekunde moja au mbili na kuzima, cheche ipo na kinachokosekana ni mafuta. Isiposhika kabisa, shughulikia plagi na umeme kwanza. Kwa dizeli usifanye hivyo, kwa sababu dawa za kupulizia zikikutana na plagi za kupasha moto zinaweza kulipuka ndani ya njia ya hewa na kuvunja pistoni au kumuumiza anayepulizia.

Kisha isikilize pampu. Mafundi wengi hufungua kifuniko cha tangi na kumwambia mwenzao awashe swichi ili wasikie mngurumo wa sekunde mbili. Hilo ni sahihi kwa magari mengi, ila si kwa yote, kwa kuwa Toyota nyingi za zamani huwasha pampu pale tu stata inapozunguka, na pampu nzima huhukumiwa kuwa imeungua bila kosa. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 kuna kisanduku kidogo cha uchunguzi chini ya boneti chenye matundu yaliyoandikwa +B na FP. Ukiyaunganisha kwa waya mfupi huku swichi imewashwa, pampu huzunguka yenyewe na unaweza kuisikiliza kwa utulivu. Ikiwa kimya, pima umeme kwenye plagi ya pampu. Volti zikifika na waya wa bodi uko sawa huku pampu haizunguki, pampu imekwama au imekufa. Volti zisipofika, angalia fyuzi na rilei kabla ya kununua chochote. Kazi hii na kile kipimo cha dawa ya kupulizia zifanye baada ya kuchukua sampuli ya mafuta, si kabla, ili usizungushe pampu ndani ya maji na kutu.

Chupa ya kioo

Sampuli nzuri hutoka chini. Hiace nyingi za dizeli na Land Cruiser zina nati ya kumwagia mafuta chini ya tangi, na hapo kazi ni ya dakika chache: legeza nati taratibu, acha robo lita ya kwanza iingie kwenye chupa, kaza. Magari mengi madogo ya Kijapani hayana nati hiyo, lakini yana kifuniko cha pampu chini ya kiti cha nyuma, na pampu ikitolewa unaweza kufikisha mpira hadi sakafu ya tangi na kuvuta kwa pampu ya mkono. Mpira unaopitishwa kwenye mdomo wa kujazia mara nyingi huishia njiani au huvuta mafuta ya juu tu, na mafuta ya juu hudanganya. Usivute kwa mdomo kamwe. Petroli kidogo ikipitia njia ya hewa huunguza mapafu, na aliyeimeza hatapishwi bali hupelekwa hospitali.

Tafuta chupa ya soda ya kioo iliyo safi na kavu, jaza nusu, na weka pembeni yake chupa nyingine yenye mafuta mapya ya kituo. Ziache zitulie nusu saa kwenye mwanga. Maji hujitenga na kukaa chini kama tabaka jingine, na ukiinamisha chupa utaliona likitembea peke yake chini ya mafuta. Kutu hutua kama unga wa rangi ya matofali. Petroli iliyochoka huwa imekolea rangi kuliko mwenzake, na harufu yake haichomi tena pua bali inakaribia ile ya vanishi ya mbao. Dizeli yenye vijidudu huwa na nyuzi nyeusi au utando unaoteleza kama mlenda pale mafuta yanapokutana na maji, na ukiisugua kati ya vidole huacha weusi usiotoka kwa kitambaa.

Chupa ikiwa safi na rangi ikikaribiana na ya mafuta mapya, njia ya kwanza inaweza kufikiriwa. Ikiwa na rangi iliyokolea lakini haina maji wala kutu, kumwaga mafuta yote na kubadili chujio kunaweza kutosha. Ikiwa na maji, kutu au utando, hakuna ubishi tena: tangi lishuke.

Kuongeza mafuta mapya juu ya ya zamani

Njia hii inapendwa kwa sababu ni ya bei ndogo na haihitaji kufungua kitu. Inafaa pale ambapo gari limelala kwa miezi michache tu, ni la petroli, chupa imetoka safi, na tangi liko robo au chini ya hapo ili mafuta mapya yawe mengi kuliko ya zamani. Masharti hayo yakitimia yote, badilisha chujio la nje ikiwa lipo, ongeza mafuta, tikisa gari kidogo ili yachanganyike, kisha piga stata kwa sekunde zisizozidi 10 hadi 15 na kuipumzisha dakika moja kabla ya kurudia.

Sharti moja likikosekana, faida yake hupotea. Lita 10 mpya juu ya lita 30 zilizochoka huwa lita 40 za mafuta mabovu, na ukishazilipia unaona uchungu zaidi kuzimwaga. Hapa ndipo watu wengi wanaponaswa. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei ya Mwanza huwa juu ya ile ya Dar es Salaam kwa sababu ya usafirishaji, kwa hiyo kumwaga nusu tangi kunauma kweli. Hata hivyo linganisha bei ya hizo lita na bei ya pampu pamoja na ufundi wake, si na bei ya kutofanya lolote.

Mafuta yenye maji hayatibiki kwa kuongeza. Maji hayachanganyiki na petroli wala dizeli. Yatabaki chini kwenye mdomo wa pampu, yakisubiri kuvutwa kwanza.

Kulisha injini kwa dumu

Njia ya dumu ninaiheshimu sana kama kipimo, na sikubaliani nayo kabisa kama matengenezo. Nguvu yake ni kuutenga mfumo vipande viwili: injini ikiwaka kwa dumu na kukataa kwa tangi, umejua kwamba tatizo liko kati ya tangi na mahali ulipounganisha mpira, na hujapoteza shilingi kwa kununua vipuri vya kubahatisha.

Kwa gari la kabureta ni kazi nyepesi, kwa kuwa kabureta inahitaji msukumo mdogo tu, takriban psi (kipimo cha shinikizo) 3 hadi 6, na dumu likiwekwa juu kidogo mafuta hushuka yenyewe ya kutosha kuijaza bakuli. Ikiwa hata hivyo haiwaki, gundi imeziba vijitundu vya kabureta, nayo ifunguliwe na kuoshwa kwa dawa na upepo wa kompresa. Usivizibue vijitundu hivyo kwa waya, maana vikipanuka gari litakula mafuta maisha yake yote.

Kwa dizeli za pampu ya kawaida, kama injini za 2L, 3L na 5L za Hiace au 1HZ ya Land Cruiser, dumu hufanya kazi nzuri kuliko kote. Mpira wa kuvuta na ule wa kurudisha vyote vinaingizwa kwenye dumu, unatoa upepo kwa kubonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya chujio mpaka iwe ngumu, kisha unapiga stata. Ukitumia mpira unaoonyesha ndani, utaona vipovu vya hewa ikiwa kuna kiungo kinachovuta hewa, na utaona uchafu ukirudi. Kitu cha kukazia ni usafi: dizeli ya dumu ipite kwenye chujio jipya kabla ya kufika kwenye pampu.

Kwa petroli ya injekta mambo ni magumu. Reli yake, yaani bomba linalozigawia injekta mafuta, inahitaji psi 35 hadi 50, yaani takriban baa 2.5 hadi 3.5, na dumu lililoinuliwa haliwezi kutoa hata sehemu ndogo ya hiyo. Wapo wanaoichomoa pampu ya tangini na kuitumbukiza kwenye dumu la plastiki lililo wazi, huku nyaya zimeunganishwa kwa mkono juu yake. Cheche moja kwenye muunganiko huo inakutana na mvuke wa petroli ambao huwaka hata kwenye baridi kali, na moto wake hautoi nafasi ya pili. Ikilazimu kupima, tumia pampu ya nje yenye shinikizo sahihi na geji, viunganisho vya umeme vikiwa mbali na dumu, kizimamoto cha unga kikiwa karibu. La sivyo funga geji kwenye njia ya mafuta ya gari lenyewe. Shinikizo likipanda na kubaki dakika kadhaa baada ya kuzima, pampu na valvu yake ni nzima. Likishuka mara moja, kuna valvu au injekta inayovuja.

Kwa dizeli za komoni reli, yaani zile ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja la shinikizo kubwa, kama D-4D ya Toyota, sishauri mtu asiye na vifaa aguse zaidi ya upande wa kuvuta na chujio. Upande wa shinikizo hufikia zaidi ya baa 1,000, mafuta yanayotoka kwenye nati iliyolegezwa hupenya ngozi, na punje ndogo ya uchafu inatosha kuharibu nozeli.

Tatizo la dumu ni kwamba injini ikishawaka watu hulizoea. Gari la kubebea dagaa linaanza kwenda Kirumba na dumu limefungwa kwa kamba nyuma ya kiti, mpira umepitishwa dirishani, na matengenezo ya tangi yanaahirishwa wiki hadi wiki. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kukaa, na ndani ya gari kuna waya na watu. Dumu likishajibu swali, liondolewe siku hiyohiyo.

Kushusha tangi

Hii ndiyo njia ghali na ndefu, na kwa gari lililolala zaidi ya mwaka mara nyingi ndiyo nafuu mwishoni. Gharama yake ni ufundi wa siku moja au mbili, chujio, mipira ya mafuta iliyokakamaa, na raba ya kuziba kifuniko cha pampu. Kile unachopata hakipatikani kwa njia nyingine: unaiona sakafu ya tangi kwa macho, unakiona kichujio kidogo cha nailoni kilicho chini ya pampu, ambacho mara nyingi huwa ndicho kilichoziba, na unazigusa bomba zote zilizo chini ya gari, ambazo kutu huzila kwa nje.

Gari lenye kifuniko chini ya kiti lina nafuu ya katikati. Pampu hutolewa juu, mafuta hunyonywa yote, sakafu ya tangi hufutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na ikiwa tangi ni la plastiki na uchafu ni mdogo, huhitaji kulishusha. Kwa petroli iliyochoka bila maji, mimi ningeanza hapa.

Kazi ifanyike nje, waya hasi wa betri ukiwa umetolewa, pasipo sigara, jiko la mkaa wala taa ya balbu ya kuning'iniza. Tangi lililotoka kumwagwa ni la hatari zaidi kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa. Kutu iliyolegea hutolewa kwa kutia kokoto ndogo safi na kulitikisa. Iliyoshika hulainishwa kwa siki au asidi ya ndimu ya unga, kisha husuuzwa kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wake, na tangi hukaushwa hapohapo, maana bati tupu likibaki na unyevu hushika kutu upya ndani ya saa chache. Lianikwe juani mpaka likauke kabisa, halafu lisuuzwe kwa lita moja ya mafuta ya aina yake.

Ikiwa bati limetoboka, usikubali lichomelewe na mtu anayesema limeshaoshwa linatosha. Mafuta hujificha kwenye mikunjo ya bati na hutoa mvuke pale joto linapolifikia. Nunua tangi jingine la mtumba lililo zima.

Swali la wapi yapelekwe mafuta yaliyotolewa linanihangaisha kuliko yote, kwa sababu jibu la haraka ni mtaro. Mitaro ya mjini huingia Mto Mirongo na Mirongo huingia ziwani, ambako watu wanavua na ambako maji yetu yanatoka. Yatie kwenye madumu yenye vifuniko, yaandike, na uyapeleke kwa wanaokusanya mafuta chakavu kwa kibali. Dizeli iliyochoka isiyo na maji wala vijidudu inaweza kuachwa itulie, ikachujwa na kuchanganywa kidogokidogo na dizeli mpya kwa injini ya zamani. Petroli mbovu isiuzwe kwa wenye mitumbwi ya mashine. Injini ikizima barabarani mtu husukuma gari pembeni. Ikizima katikati ya ziwa upepo ukiwa umeanza, ni maisha ya watu.

Petroli na dizeli hazihukumiwi kwa kipimo kimoja

Mzee mwenye Hiace ya dizeli na kijana mwenye Vitz wakifika gereji moja, wote magari yao yamelala miezi 14, haifai wapewe jibu moja. Kijana anaweza kuambiwa, "Kaka, tunyonye hii petroli yote, tubadili chujio, tujaribu," na hatari kubwa anayobeba ni pampu ya tangini kukwama au injekta kuhitaji kusafishwa kwa mashine. Mzee akipewa jibu hilohilo anaonewa. Anastahili kusikia, "Mzee, kabla hatujapiga stata naomba tufungue nati ya tangi tuone," kwa kuwa pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe, maji hayalainishi, na pampu ikishakwaruzwa ndani huenda kwa fundi maalumu wa pampu na nozeli na kurudi na bei yake.

Kwa hiyo kwenye petroli shaka ikiwa ndogo, naelekea kwenye kumwaga na kubadili chujio bila kushusha tangi. Kwenye dizeli shaka ikiwa ndogo, naelekea kushusha. Dawa ya kuua vijidudu vya dizeli haibadilishi uamuzi huo, maana inawaua lakini haiwaondoi, na waliokufa ndio wanaokwenda kujaa kwenye chujio. Kwa komoni reli sijadili hata shaka yenyewe: tangi lioshwe, mafuta yote yamwagwe, chujio jipya lifungwe kabla stata haijaguswa.

Kabureta, kwa upande wake, inasamehe mengi. Mtu mwenye pikapu ya zamani ya kabureta na tangi lenye kutu kidogo anaweza kuosha tangi mwenyewe Jumamosi na kuifungua kabureta Jumapili, na kosa lolote atakalolifanya litarekebishika kwa bei ndogo.

Pampu ya mtumba au mpya?

Pampu iliyokufa kwa kulala inaweza kuzinduka ukigonga tangi kwa nyundo ya raba, nayo ikizinduka ikufikishe gereji tu, isikufikishe safarini. Kati ya pampu mpya ya jina lisilojulikana na ya mtumba iliyotoka kwenye gari la aina yake, mimi huchagua ya mtumba kwa sharti la kupimwa kwa geji mbele yangu na kutoa shinikizo linalotakiwa. Mpya yenye asili inayojulikana inazishinda zote mbili, pesa ikiruhusu. Vyovyote vile, usiifunge ndani ya tangi ambalo halijaoshwa.

Likishawaka

Injini ikishika, iache izunguke taratibu huku mtu mwingine akipita chini na tochi, kwa sababu mipira iliyokaa kavu hupasuka pale shinikizo linaporudi. Kabla ya kutoka, chomoa kijiti cha oili: ikiwa kiwango kimepanda au oili inanuka petroli, mafuta yameshuka kwenye injini wakati wa majaribio na oili ibadilishwe kwanza.

Siku za mwanzo zunguka mjini, Nyakato hadi Buhongwa na kurudi, ukiwa na mafuta nusu tangi na chujio la akiba na spana zake ndani ya gari. Chujio la kwanza litabeba mabaki yaliyong'oka kwenye bomba, hasa kwa dizeli, na likianza kuziba gari litakosa nguvu mlimani kabla ya kukosa nguvu tambarare. Libadilishe hapo, fungua pia nati ya kumwagia maji iliyo chini ya chujio la dizeli uone kinachotoka, na safari ya kuvuka Daraja la Kigongo–Busisi kwenda Sengerema au Geita isubiri mpaka chujio la pili litoke safi.